Sajini Penfold Hakutoka Kent

Kitabu kilifika siku ya mapumziko ya Jackie, na hakusubiri hata kufika nacho ndani. Alikifungua palepale kwenye sanduku la barua, nje ya nyumba yake Grand Prairie, jua la Septemba likimchoma utosini. Akaenda moja kwa moja kwenye kurasa za nyuma zenye orodha ya majina, akatafuta herufi P, akaona: Penfold, Elijah, ukurasa wa 61 na 62, kisha 140 hadi 149. Jina la ndugu wa babu yake, limechapishwa kwa wino, kitabuni.

Akafungua ukurasa wa 61, akasoma: "Mpiga bunduki wa mkiani, Sajini Elijah Penfold, alikuwa mtoto wa mkulima wa Kent, kusini mwa Uingereza. Alikuwa kijana mwenye nywele nyekundu na macho ya buluu, aliyekulia katikati ya miti ya matofaa."

Jackie alisoma maneno hayo mara tatu. Kisha akasema kwa sauti, peke yake kando ya barabara, "Ati nini?"

Elijah Penfold, ambaye kwao waliomjua walimwita Eliya, alizaliwa mwaka 1917 huko Frere Town, Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Babu yake alikuwa mmoja wa watoto walioporwa bara na wafanyabiashara ya watumwa, wakaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, wakashushwa Frere Town mikononi mwa wamisheni. Mtoto yule hakuweza kuwaambia wazungu jina la ukoo wake kwa namna waliyoielewa. Basi wakambatiza, na kwa kuwa kulikuwa na bibi mmoja Uingereza aliyekuwa akiwaletea watoto wa misheni nguo, wakambandika jina la bibi yule. Ndiyo maana mpaka leo, katika hospitali ya Dallas anakofanya kazi Jackie, wagonjwa husoma kitambulisho kifuani pake na kumwuliza jina kama hili amelipata wapi. Yeye huwajibu neno moja tu: "Tulipewa."

Eliya aliondoka Mombasa mwaka 1938 akiwa mhudumu katika meli ya abiria, akaishia Liverpool. Vita vilipopamba moto na jeshi la anga la Waingereza likaacha kuwafungia mlango watu weusi, aliingia akaandikisha jina. Wakamfunza bunduki za ndege. Mwaka 1943 alimpelekea mama yake picha, amevaa sare, ameweka mkono mmoja mfukoni, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama wanavyotabasamu Penfold wote. Mwezi wa Machi mwaka uliofuata, misheni ikapokea barua: ndege ya mabomu aliyokuwamo haikurudi, na Sajini Penfold hajulikani alipo.

Barua ya pili haikuja.

Mama yake, Bibi Ruthu, alikataa katakata ibada ya kumwombea marehemu. "Wameandika hajulikani alipo," alikuwa akisema. "Hawakuandika amekufa." Akakaa hivyo miaka kumi na saba, mpaka na yeye akafa, mwaka 1961. Stefano, mdogo wake Eliya, ndiye babu mzaa baba wa Jackie. Naye akafa bila kujua.

Jackie alianza kutafuta mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Aliandika barua pepe Uingereza, akajaza fomu, akaambiwa ajaze nyingine, akathibitisha kwamba yeye ni jamaa wa marehemu, akangoja miezi kumi na minne. Faili ilipokuja ilikuwa na kurasa arubaini na moja. Aliisoma katika chumba cha mapumziko kazini, chakula chake kikipoa katika bakuli.

Ukurasa wa kwanza ni fomu aliyoijaza Eliya kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko wa shule ya misheni, uliolala kidogo. Jamaa wa karibu: mama, Ruth Penfold. Anwani: Frere Town, Mombasa, Kenya.

Ukurasa wa 29 ni barua iliyopigwa chapa, ya Juni 1944. Inamjulisha Bi. R. Penfold, kwa masikitiko, kwamba mwili wa mwanawe umepatikana, na umezikwa katika makaburi ya kijiji fulani Uholanzi. Anwani: Frere Town, Kent. Karani mmoja, sijui alikuwa amechoka, sijui alikuwa na haraka ya kwenda kunywa chai, aliona "Ken", akamalizia mwenyewe. Herufi mbili zikaondoka, moja ikaingia, na Mombasa ikafutika kabisa. Nyuma ya barua kuna muhuri wa posta: hakuna mahali penye jina hilo. Ikarudishwa. Mtu akaipokea, akaitoboa tundu mbili, akaiweka failini. Hakuna aliyefungua ukurasa wa kwanza kutazama.

Hapo Jackie alilia. Lakini hakuwa amefika ukurasa wa 33.

Ukurasa wa 33 hadi 36 ni maelezo ya mtu mmoja tu aliyenusurika katika watu saba wa ndege ile, Mkanada aitwaye Tully, mwangushaji mabomu, aliyeyatoa mwaka 1945 baada ya kufunguliwa kambi ya mateka. Walikuwa wakirudi kutoka Ujerumani, alisema, wakaandamwa na ndege mbili za Wajerumani za kuwinda usiku. Penfold ndiye aliyeiona ya kwanza, giza lote lile, akapiga kelele kwenye simu ya ndani wakunje kulia na kuzamia. Rubani akazamisha ndege, risasi zikapita juu yao. Ya pili ilikuja kutoka chini ya tumbo, mahali ambapo hapakuwa na bunduki yao wala jicho lao, nayo ilikuwa na mizinga iliyoelekezwa juu. Bawa la kulia likawaka. Rubani akaamuru watu waruke. Penfold akajibu kwamba kibanda chake cha mkiani kimekwama na mlango haufunguki. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, "Mimi sitoki. Nendeni." Ile ndege ya kwanza ilipozunguka kuja kuwamaliza, Tully aliisikia bunduki ya mkiani ikiendelea kulia, mpaka yeye alipojitupa nje.

Maelezo yale yalimalizika kwa sentensi moja: "Ningependa mama yake ajulishwe hayo."

Sasa basi. Rubani wa ndege ile, Wendell Stovall, alikuwa kijana wa Texas, wa upande wa Houston, aliyevuka mpaka akajiunga na jeshi la Kanada kabla Marekani haijaingia vitani. Katika kumtafuta, Jackie aligundua kwamba kuna mzee mmoja Houston, Dwight Rasco, mhandisi wa mafuta aliyestaafu, anayeandika kitabu juu ya Stovall na wenzake. Jackie alifurahi kama aliyepata ndugu. Septemba 2022 akampelekea picha ya Eliya, na ukurasa wa kwanza wa faili, na barua ndefu ya kueleza kila kitu. Rasco alijibu kwa mistari miwili: "Asante kwa picha ya kuvutia. Nitaifanyia kazi."

Na kazi yenyewe ndiyo hii aliyokuwa ameishika mkononi. Rasco alikuwa amesoma ripoti ya Tully, maana ilikuwepo yote, ukurasa wa 146, mpaka lile neno "Nendeni". Hakumnyima Eliya ushujaa wake hata kidogo. Alichofanya ni kuuchukua wote, kwa uangalifu, na kumvika mtu mwingine. Tena alimtungia mtu huyo mama, mwanamke wa shamba huko Kent, ambaye ati baada ya habari zile hakuoka tena mkate wa Jumapili.

Jackie aliingia ndani akampigia baba yake. Mzee Godfrey Penfold, karani wa bandari mstaafu, alikuwa Kisauni, kwao jioni imeingia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo Kent ndiko wapi?" akauliza.

"Uingereza, Baba. Ni jimbo."

"Na huyo mwenye kuandika, wewe ulimpelekea picha?"

"Nilimpelekea. Miaka miwili sasa."

Mzee akasema, "Mimi nilimuona Bibi Ruthu kwa macho yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu alipokufa. Mkate alikuwa haoki. Alikuwa akipika mahamri, akiuza pale kivukoni, na kila meli ikiingia anauliza watu. Mwambie bwana huyo." Akarudia. "Mwambie, mwanangu. Usimwandikie. Nenda umwambie."

Nafasi ya kumwambia haikukawia. Jumamosi ya pili ya Oktoba, jumba moja dogo la ndege za zamani nje ya Houston lilikuwa linamkaribisha Rasco kuzungumza juu ya kitabu chake, na siku hiyohiyo kuzindua picha kubwa ya rangi ya watu saba wa ndege ya Stovall. Jackie aliomba ruhusa kazini. Rafiki yake Chebet, nesi mwenzake anayeishi Garland, akasema haiwezekani aende peke yake.

"Na gari nita-drive mimi," Chebet alisema. "Wewe na hasira hizo kwenye Interstate? Hapana."

Walitoka asubuhi na mapema. Wakapita Corsicana, wakapita Huntsville, saa nne za barabara iliyonyooka na malori yasiyoisha. Jackie alikuwa na bahasha pajani, akiifungua na kuifunga.

"Sikiza," Chebet akamwambia. "Ukifika huko usianze na mdomo. Anza na makaratasi."

"Na nikipandwa?"

"Utapandwa, why not? Lakini sauti uiweke chini. Sisi tukipaza sauti kidogo tu, story inakuwa ni sauti yetu. Wataenda nyumbani wakisema kuna mama alipiga kelele. Hakuna atakayesema alipiga kelele juu ya nini."

Jackie alijua ni kweli, na kule kuwa kweli kukamuudhi zaidi.

Ukumbi ulikuwa na viti kama themanini na karibu vyote vimekaliwa. Kando ya jukwaa palikuwa na kitu kikubwa kilichofunikwa kitambaa. Rasco alikuwa mzee mrefu, mpole wa sauti, mwenye tai yenye picha ya ndege. Alizungumza vizuri, na hilo Jackie hakuweza kulikana. Alieleza baridi ya juu kule, jinsi wapiga bunduki walivyovaa nguo zenye nyaya za umeme ili vidole visigande, na jinsi ndege za kuwinda usiku zilivyoongozwa kwa rada mpaka mgongoni mwa mtu asiye na habari. Watu walipofuta machozi, na Jackie akafuta. Kisha Rasco akavuta kitambaa.

Walikuwa sita wa kweli na mmoja wa uongo. Sita wale walichorwa kutokana na picha ya kikosi, iliyopigwa siku ambayo Eliya alikuwa mgonjwa. Wa saba, kulia kabisa, alikuwa kijana mwenye nywele nyekundu na madoa ya jua puani.

"Huyu hatukuwa na picha yake," Rasco alisema, akicheka kidogo, "kwa hiyo mchoraji alimtumia mjukuu wangu kama kielelezo. Yule pale nyuma. Simama, Cody."

Ukumbi ukapiga makofi. Mwanamume mmoja mwenye ndevu nyekundu akainuka nyuma, akapunga mkono, akaketi.

Chebet alimshika Jackie mkono. Jackie akautoa mkono wake taratibu, akasimama.

"Bwana Rasco," alisema, na sauti aliiweka chini. "Naitwa Jackie Penfold. Mimi ni nesi, naishi Grand Prairie. Sajini Penfold ni ndugu wa babu yangu, baba mmoja mama mmoja. Umesema hamkuwa na picha yake. Picha hii hapa. Nilikupelekea tarehe kumi na tisa Septemba 2022, na ukanijibu tarehe ishirini na moja. Jibu lako pia ninalo hapa."

Akaiinua. Waliokaa karibu wakainama kutazama, wakatazama turubai ile iliyochorwa watu saba, wakatazama picha tena.

Rasco aliguna. "Ndiyo, nakumbuka tuliwasiliana. Lakini, bibi, ni lazima uelewe, mwandishi anafuata nyaraka. Nyaraka zinasema Kent."

"Waraka mmoja unasema Kent, na ulirudishwa na posta kwa kuwa mahali hapo hapapo. Waraka alioujaza mwenyewe kwa mkono wake unasema Mombasa, Kenya. Huo nao nilikupelekea. Uliupata?"

"Niliupata."

"Kwa nini haumo kitabuni?"

Rasco alivua miwani. Alitazama ukumbi kana kwamba anatafuta mtu wa kumsaidia. "Nitakuwa mkweli kwako," akasema. "Nilifikiri juu yake. Lakini unajua tunaishi nyakati gani. Ningemweka mtu mweusi mkiani mwa ndege ile, wasomaji wangesema Rasco naye amepelekwa na siasa za siku hizi. Wangetilia shaka kitabu kizima. Nilitaka kumlinda Wendell."

Jackie alijishika kwenye kiti cha mbele yake.

"Umlinde na nini?" akauliza. "Na mtu aliyebaki kwenye moto ili wengine waruke? Yaani ukweli wako ulitakiwa ufanane na uongo kwanza, ndipo watu wauamini?"

Kwenye safu ya mbele, bibi mmoja mwenye mvi zilizosukwa kwa uzuri aligeuka. Alikuwa Lorene Stovall, mtoto wa ndugu wa rubani, mwenye umri wa miaka themanini na minne, na ndiye aliyempa Rasco kumbukumbu za familia yake: barua, picha, medali. Alimtazama Jackie kwa huruma ya mtu anayetaka jambo liishe.

"Mpenzi wangu," alisema, "hawa vijana walikufa pamoja. Damu yao moja. Sisi katika familia yetu hatujawahi kujali rangi ya mtu. Haijalishi."

"Kama haijalishi, bibi," Jackie akajibu, "mbona mmempaka rangi nyingine?"

Lorene akaigeukia ile turubai, akaitazama kwa muda mrefu, akimtazama Cody aliyevaa sare ya Eliya.

"Aliyenusurika alitaka mama yake ajulishwe," Jackie akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inakataa kukaa chini. "Imo kitabuni mwako, ukurasa wa 146. Mama yake alikufa 1961 hajajulishwa, kwa sababu ya karani aliyeandika Kent. Huyo karani nilikuwa tayari kumsamehe. Alikosea herufi. Wewe ulionyeshwa kosa, ukalichukua, ukalijengea shamba, ukalipandia matofaa, ukalizalia mama anayeoka mikate. Mama yake aliitwa Ruthu. Alikuwa akiuza mahamri kivukoni."

Msimamizi wa jumba akasimama haraka, akasema muda umekwisha na kuna kahawa na keki mlangoni. Watu wakainuka kwa kelele ya viti. Baadhi walimpita Jackie wakitazama sakafu. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya mashujaa wa Vietnam alisimama mbele yake akamwomba aione picha. Alipoiona, akaipigia saluti, akaondoka bila kusema neno. Rasco aliondoka kwa mlango wa nyuma.

Kwenye maegesho, Chebet akiwa ameshawasha gari, Lorene Stovall alikuja akisukuma kigari chake cha kutembelea. Alikuwa anahema.

"Nilimpa Dwight barua zote za Wendell," alisema. "Sanduku zima. Mimi sijazisoma tangu mama yangu alipofariki. Zimerudi kwangu mwezi uliopita." Akaegemea kigari chake. "Sikupenda ulivyoniambia mbele ya watu."

"Na mimi sikupenda kuja kukuambia mbele ya watu," Jackie alisema. "Nilikuwa nimeandika barua kwanza."

Lorene aliomba anwani yake. Jackie akaiandika nyuma ya risiti ya mafuta, akampa, na hakutegemea lolote.

Bahasha ilifika baada ya wiki tatu. Ndani mlikuwa na nakala ya barua moja ya Wendell Stovall kwa mama yake, ya Novemba 1943. Jackie aliisoma amesimama jikoni. Wendell anaeleza baridi, anaeleza chakula kibaya, halafu anaandika: "Mtu wetu wa mkiani anaitwa Penny. Ni mweusi, Mama, mtu wa Mombasa, Afrika Mashariki, na najua Baba atasema nini, lakini mwambie ana macho kushinda kikosi kizima na sitaki mtu mwingine nyuma yangu. Tukitua salama huwa anasema neno lao la kushukuru, nasi sote tumelijua sasa, tunalisema sote."

Barua ya kweli. Kwa mkono wa rubani mwenyewe. Jackie alikaa chini. Alitaka kufurahi, na kwa dakika moja alifurahi hasa, akimwona Eliya amesimama kwenye umande wa uwanja na wazungu sita wakisema "asante Mungu" kwa lafudhi mbaya. Kisha akaona pembeni ya maneno yale kuna alama ya penseli. Mstari wa wima, mwembamba, na kando yake tarehe iliyoandikwa kwa mwandiko safi wa mhandisi: Machi 2019.

Lorene alikuwa ameambatanisha kikaratasi. "Alama ya penseli si yangu. Nilidhani ungependa kuiona. Mimi nimeiona nikashindwa kulala. L.S."

Machi 2019. Miaka mitatu na nusu kabla Jackie hajamwandikia neno. Kwa hiyo hakukuwa na siku hata moja ambayo Dwight Rasco hakujua. Wakati anaandika macho ya buluu, alikuwa anajua. Wakati anamkalisha mjukuu wake mbele ya mchoraji, alikuwa anajua. Jackie aliweka karatasi mezani, akatembea kutoka jikoni hadi sebuleni na kurudi, mara sijui ngapi, akizungumza peke yake kwa Kiswahili cha Kisauni, maneno ambayo baba yake asingependa kuyasikia.

Alipotulia kiasi cha kuweza kuandika, aliandika. Aliwaandikia wachapishaji, akaliandikia lile jumba la ndege, kila barua na viambatisho vitano: fomu ya Eliya, barua iliyorudishwa na posta, picha, jibu la Rasco, na ukurasa wa Wendell wenye penseli pembeni. Hakutia neno la matusi. Chebet alimsomea zote kabla hazijaenda, akafuta "bila haya" sehemu mbili, akaacha ya tatu.

Turubai ilishushwa ukutani kabla ya mwezi wa Desemba. Jumba halikutangaza kitu. Lilisema tu kwamba picha imeondolewa kwa ajili ya marekebisho. Rasco hakuandika wala kupiga simu, na hajafanya hivyo mpaka leo. Kitabu kinaendelea kuuzwa.

Frere Town walifanya ibada Jumapili ya pili ya Novemba, miaka themanini baada ya kifo chenyewe. Mzee Godfrey ndiye aliyesoma maelezo ya Tully mbele ya kanisa, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na Jackie akamsikiliza kwenye simu, huku Grand Prairie bado ni usiku wa manane. Mzee alipofika kwenye "Mimi sitoki. Nendeni," alisimama akashindwa kuendelea, na kanisa likamngoja. Akamalizia. Ile sentensi ya mwisho aliisoma mara mbili.

Januari, wachapishaji walimjibu Jackie. Walisema wamesikitika, na kwamba nakala zote zitakazouzwa kuanzia sasa zitakuwa na kipande cha karatasi cha masahihisho. Wakamwambatishia mfano wake, kwa nia njema, ili atoe maoni kabla hakijachapwa. Kilikuwa na mistari mitatu: "Ukurasa wa 61: taarifa mpya zinaonyesha kwamba huenda Sajini Penfold alikuwa na asili ya Kiafrika."

Jackie aliisoma akiwa kwenye gari, maegesho ya hospitali, dakika kumi na tano kabla ya zamu. Taarifa mpya. Huenda. Asili ya Kiafrika. Aliitafuta namba chini ya barua, akapiga. Akapokea msichana mwenye sauti changamfu, akajitambulisha kuwa ndiye anayeshughulikia masahihisho.

"Naitwa Jackie Penfold," akasema. "Napiga kuhusu kile kipande cha karatasi. Una kalamu?"

"Ninayo, bibi."

"Basi futa 'taarifa mpya'. Mwandishi wenu alikuwa nazo tangu 2019. Futa na 'huenda'. Halafu futa hilo la asili, bara zima hilo, huwezi kulitia kwenye anwani ya mtu. Andika alikotoka. Uko tayari?"

"Niko tayari."

"Andika Frere Town," Jackie akasema, "halafu andika Mombasa, Kenya. Na hiyo Kenya usiifupishe. Nitakusomea herufi moja moja, na wewe utanisomea."